Kibao Kimekosea Mwaka

Kibao cha shaba mlangoni kinasema 1968.
Kimekosea.
Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na moja Septemba, sitini na saba,
mvua ya rasharasha juu ya Tampere,
ngazi kumi na tisa hadi chumba kilicho juu ya duka la mikate,
na mimi, Reijo, mwana wa Salmela fundi bomba,
nilizihesabu kupanda, nikazihesabu kushuka,
nikapanda tena,
naye hakunivuta mkono.
Tyyne Ojansivu alijua kusubiri.

Kabla yake daktari alikuwa ameandika neno moja: hafundishiki.
Mama alilikunja neno lile akalitia mkobani,
akatembea nalo majira yote ya baridi
kama aliyebeba yai viza asijue pa kulitupa.
Majirani walisema mama ndiye chanzo, ana moyo wa barafu,
ndiyo maana mtoto kaganda.
Barafu! Mama yangu,
aliyebandua kwa wembe lebo za mashati yangu yote
kwa kuwa ziliniwasha kama upupu.

Tyyne hakuwa na shahada.
Alikuwa mfumaji kiwandani, kando ya maporomoko,
miaka kumi na minne kati ya mitambo
iliyotafuna pamba pamoja na sauti za watu.
Mle wanawake walisema kwa midomo mitupu, kwa nyusi,
kwa vidole viwili begani:
nipe uzi; mwanangu ana homa; msimamizi huyo anakuja.
Sikio lake la kushoto lilibaki humo.
Basi alipotutazama, watoto sita tusiosema,
hakuona mikosi ya watu.
Aliona zamu ya asubuhi.

Alichora kadi: kiatu, maziwa, choo, nyumbani.
Kadi ya "inatosha" ilikuwa nyekundu.
Ukiiinua, kila kitu kilikoma,
hata redio ya mwoka mikate huko chini.
Siku ya kwanza niliiinua mara arobaini.
Mara arobaini kukawa kimya.

Alikosea pia. Mwaka mzima aliamini
mikono ikitulia na vichwa vitatulia,
akatukalisha juu ya viganja vyetu.
Baadaye alituomba radhi, mmoja mmoja,
kwa kadi aliyoichora usiku.

Halmashauri ikatuma mabwana watatu na bibi mwenye kofia.
Walitaka ushahidi. Hakubishana nao.
Akawapeleka kiwandani saa nne, mitambo yote ikinguruma,
akasimama katikati, akawauliza jambo.
Bwana Hakkarainen akaweka kiganja sikioni.
Akawauliza tena, polepole.
Bibi mwenye kofia akaanza kulia asijue kwa nini.
Walipotoka nje Tyyne akasema,
"Nimewauliza majina yenu tu.
Hakuna aliyejibu. Niandike nini kwenye faili?"
(Haya nilisimuliwa na mama. Sikuwepo,
kwa hiyo sina hakika na ile kofia.)

Sirkka, aliyekaa dirishani, hakusema kamwe.
Mwandishi wa gazeti alipokuja kuwinda muujiza,
Tyyne alimtaja yeye kwanza katika waliofaulu:
"Anafunga viatu vyake. Anachagua jibini.
Anacheka saa anayotaka yeye."
Mimi nilisema nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Neno langu la kwanza lilikuwa "ishirini",
kwa sababu seremala alikuwa ameongeza ngazi.

Sasa napanga nyaraka katika hifadhi ya mji,
chumba kisicho na dirisha, taa isiyopepesa,
na hakuna anayenigusa bega bila kuniambia.
Tyyne alizikwa mwezi wa Machi, theluji imefika magotini.
Nilisimama nyuma, na kadi nyekundu mfukoni.
Sikuiinua. Nilitaka kengele ziendelee.

Kila Septemba naiandikia halmashauri kuhusu kibao.
Hunijibu kwa adabu:
1968 ndio mwaka uliotiwa saini kibali.
Najua. Faili lenyewe nalitunza mimi.
Huo ni mwaka wenu.
Wetu una ngazi kumi na tisa.